Daftari la kazi zako: namna ya kupiga hesabu ya maisha ya kuhamahama kazini

Wenye maduka wana usemi wao: mali bila daftari huisha bila habari. Mtu aliyepita kazi sita au saba naye ana mali, ila wengi hawajawahi kuiandika. Ukimuuliza atakwambia "nimefanya vingi," kisha anyamaze. Mwajiri akimuuliza swali hilohilo, anapata jibu hilohilo, na kazi anapewa mwingine.

Utahitaji daftari la kurasa 96, kalamu, na jioni mbili zisizo na wageni. Jioni moja haitoshi, kwa sababu kumbukumbu za kazi huja kwa mafungu. La kwanza ni lile unalopenda kulisimulia, na lile la maana hukujia kesho yake ukiwa kwenye taksi.

Andika kwa lugha unayowazia. CV yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, maana waajiri wengi wa Uganda ndivyo wanavyotaka, lakini ukianza na Kiingereza utaishia kunakili maneno makubwa ya CV za wenzako, na kazi yako halisi haitaonekana.

Jioni ya kwanza: mistari na tarehe

Fungua kurasa mbili zinazotazamana na uchore safu sita: kuanzia lini hadi lini, wapi, nani alinilipa, nilikuwa nafanya nini kwa mikono yangu, nilikuwa napata kiasi gani, na kwa nini niliondoka. Kila kazi ipate mstari wake. Andika na zile zisizo na karatasi: kibarua cha kubeba mchanga, msimu wa kukata miwa, miezi minne ya boda boda ya kukodi, kuuza kwenye duka la shangazi. Hizo ndizo watu huziruka, halafu wanabaki na pengo la miaka miwili wasiloweza kulieleza.

Tarehe ndizo husumbua zaidi. Usibuni. Zifunge kwenye matukio unayoyakumbuka. Je, ulikuwa tayari kwenye kazi hiyo Papa alipokuja Novemba 2015? Uchaguzi wa Februari 2016 ulikukuta wapi? Wa Januari 2021 je? Lokidauni ya Machi 2020 ilikukuta kwa bosi gani, na shule zilipofunguliwa Januari 2022 ulikuwa unalipia karo kwa pesa ya kazi ipi? Kwa njia hiyo unaweza kuuweka mwanzo na mwisho wa kazi ndani ya mwezi mmoja au miwili, na hiyo inatosha.

Kisha hakikisha kwa karatasi. Taarifa ya NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ndiyo shahidi bora, kwa sababu inaonyesha mwezi kwa mwezi ni mwajiri gani aliyekuchangia. Namba ya NSSF ni moja maisha yote. Ukikuta una mbili, mara nyingi sababu ni kwamba mwajiri wa pili alikusajili upya badala ya kukuuliza ya zamani. Nenda tawi lolote la NSSF na kitambulisho cha taifa uombe ziunganishwe. Usingoje ufikishe miaka 55 ya kuchukua akiba yako, wakati ambapo nusu ya waajiri hao watakuwa wamefunga.

Ukiwa hapo angalia jina. Muhammad na Mohamed, Jumah na Juma, jina la baba likitangulia hapa na kufuata kule: herufi moja tu hukwamisha malipo kwa wiki kadhaa. Kitambulisho cha taifa ndicho kipimo, na hati nyingine zote zikifuate.

Safu ya sita

Safu ya "kwa nini niliondoka" ndiyo iliyobeba faida yote ya zoezi hili, na ndiyo inayojazwa kwa uongo kuliko zote. Watu huandika "mshahara mdogo" kuanzia juu hadi chini. Mshahara mdogo ni kweli karibu kila mahali, kwa hiyo haukuelezi kitu.

Kila mstari ulioandika hivyo ujaribu kwa swali moja: kama siku ile wangeniongeza shilingi 50,000, ningebaki? Jibu likiwa ndiyo, basi ni mshahara kweli. Likiwa hapana, futa uandike sababu yenyewe: msimamizi alikuwa anatukana mbele ya watu, malipo yalikuwa yanachelewa hadi tarehe 15, zamu za usiku ziliniharibia afya, hapakuwa na cha kujifunza baada ya mwezi wa nne, mama aliugua kijijini, niliachishwa. Ndiyo, andika na kuachishwa. Hakuna atakayelisoma daftari hili ila wewe.

Sasa hesabu. Sababu ikijirudia mara mbili inaweza kuwa bahati mbaya. Mara tatu au zaidi, kuna kitu kimoja kinachokufuata kutoka kazi hadi kazi, na kinakuwa kimoja kati ya viwili. Kinaweza kuwa aina ya mahali unapochagua. Ukikuta sehemu tatu zilizokucheleweshea pesa zote zilikuwa biashara za mtu mmoja zisizo na mkataba, mahojiano yajayo uliza kwanza siku ya malipo na njia ya malipo, benki au mkononi, kabla ya kuuliza kiasi. Au kinaweza kuwa tabia yako. Mtu aliyegombana na wasimamizi wanne katika miji minne hana budi kujiuliza kama wote wanne walikuwa wabaya. Huenda anafaa kazi zisizo na msimamizi shingoni, udereva kwa mfano, au ufundi wa kulipwa kwa kipande. Kujua hivyo si aibu, na kunamwokoa asiende kugombana na wa tano.

Angalia pia urefu. Ukikuta kazi nyingi zimekatika kati ya mwezi wa tano na wa nane, kumbuka kwamba kipindi cha majaribio kisheria hakizidi miezi 6, na huongezwa hadi miezi 6 mingine kwa ridhaa yako tu. Kuondoka hapohapo kila mara ni dalili kwamba ama huthibitishwi, ama unathibitishwa na kuchoka siku hiyohiyo. Dawa zake ni tofauti, kwa hiyo usizichanganye.

Jioni ya pili: geuza vyeo kuwa vitendo

Cheo hakimwambii mwajiri lolote. "Nilikuwa askari getini" mwajiri wa ghala ataisikia kama kusimama na rungu. Rudi kwenye safu ya nne uandike siku moja ya kazi hiyo kama ilivyokuwa, saa kwa saa.

Askari wa geti la kiwanda anaingia zamu saa kumi na mbili asubuhi. Anapokea kitabu cha matukio kutoka kwa wa usiku, wanahesabu pamoja kufuli na funguo, na wote wawili wanatia sahihi. Lori likifika anaandika namba ya gari, jina la dereva, saa, na namba ya sili, ile lakiri ya kufungia mzigo. Analinganisha namba hiyo na ile iliyo kwenye karatasi ya mzigo, tarakimu kwa tarakimu, maana wajanja hubadili moja ya katikati. Sili ikiwa imekatwa hafungui geti, anaita msimamizi na kuandika. Lori likitoka analinganisha tena idadi ya magunia. Hapo una mtu anayejua kutunza kumbukumbu, kukabidhi zamu, kukagua nyaraka za mzigo, na kusema hapana kwa mtu mwenye haraka. Hizo ni sifa nne za mtunza stoo.

Taniboi, yaani msaidizi wa dereva, wa lori la Malaba hadi Kampala naye anajua mambo ambayo karani wa ofisini huyasoma tu: foleni ya kituo cha pamoja cha mpakani, mizani ya Busitema na Magamaga, mzigo unavyopangwa ili ekseli isizidi uzito. Mwenye kibanda cha pesa za simu anajua kufunga hesabu kila jioni na kupanga salio la simu dhidi ya taslimu. Akipungukiwa 20,000 anajua pa kuitafuta. Andika vitendo vitatu hadi vitano kwa kila kazi, na kila kimoja kianze na kitenzi: nilipokea, nilihesabu, niliendesha, nilifundisha.

Baadaye pita na kalamu ya rangi nyingine. Kitendo kinachotokea kwenye kazi tatu au zaidi kizungushie duara. Hicho ndicho ujuzi wako halisi, haijalishi vyeo vilikuwa vinaitwaje.

Kuna ujuzi mmoja watu wetu huusahau kabisa, nao ni Kiswahili. Mtu aliyekulia Bombo, Arua au Busia hukiona kama hewa tu. Mipakani, kwenye makampuni ya usafirishaji, na kwenye makambi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali wanakoishi Wakongo wengi, Kiswahili ni kazi. Ila taja kiwango: kuongea tu, au kuongea, kusoma na kuandika. Ukiandika "vizuri sana" halafu upewe barua ya kutafsiri, utaumbuka mchana kweupe.

Kama ujuzi wako hauna cheti, kwa mfano uashi, useremala, umekanika au ushonaji uliojifunza kazini, kuna njia ya kupimwa kwa vitendo bila kurudi shule: hati iitwayo Worker's PAS, iliyoanzishwa na Idara ya Mafunzo ya Viwandani, DIT. Baada ya sheria ya mafunzo ya ufundi (TVET) ya 2025, ulizia kwa bodi ya upimaji UVTAB. Cheti cha kununua usikiguse. Vyeti vya mtihani huhakikiwa UNEB, baraza la mitihani, kwa namba, na uongo mmoja ukigundulika unafuta miaka kumi ya kazi ya kweli.

Kuandika CV ya mtu wa kazi nyingi

Kurasa mbili, basi. Kazi zilizozidi miezi sita zipewe kila moja kichwa chake. Vibarua vifupi vikusanye kwenye mstari mmoja wenye miaka na miji, kwa mfano: 2017 hadi 2019, vibarua vya ujenzi, Mbale na Soroti. Ukiviorodhesha kimoja kimoja unaonekana umefukuzwa mara tisa, na ukiviacha unaonekana ulikuwa jela.

Wadhamini wawili wanatosha, watatu wakihitajika. Wapigie kwanza, uwakumbushe ulifanya nini na lini. Kosa la kila siku ni kuandika namba ya miaka mitano iliyopita: mwajiri anapiga, haipatikani, na anahitimisha kwamba umembuni. Kwa kazi zisizo na ofisi, mteja wa muda mrefu au mwenye lori anafaa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, LC1, inathibitisha unakoishi na mwenendo wako mtaani tu. Haithibitishi kazi.

Wakikuuliza mbona umehamahama sana, jibu kwa sentensi tatu: sababu iliyokutoa, ulichoondoka nacho, na kwa nini hapa panafuata. "Mkataba wa kiwanda uliisha 2019. Niliondoka nikijua kupokea na kuhesabu mzigo, nikaenda kwenye usafirishaji nikajifunza nyaraka za mpakani. Ghala lenu linapokea mizigo ya Mombasa, kwa hiyo vyote viwili vinakutana hapa." Nyamaza. Ukiongeza ya nne utaanza kumsema bosi wa zamani, na anayekusikiliza atajiona yeye ndiye bosi wa zamani wa kesho.

Kabla hujakubali: hesabu ya mkononi

Watu wanahama kwa kutazama namba ya juu ya mshahara. Tuchukue mtu wa Jinja anayelipwa 600,000, aliyeitwa Kampala kwa 800,000. Anaona laki mbili zaidi. Tupige hesabu kwa viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilivyotumika tangu 2012: hadi 235,000 hukatwi, kutoka hapo hadi 335,000 ni asilimia 10, hadi 410,000 ni asilimia 20, na inayozidi hapo ni asilimia 30. Kabla ya kupiga yako, hakikisha na mamlaka ya mapato, URA, kama vimebadilishwa mwaka huo.

Kwa 600,000, PAYE ni 82,000 na NSSF yake ya asilimia 5 ni 30,000. Mkononi 488,000. Kwa 800,000, PAYE ni 142,000 na NSSF 40,000. Mkononi 618,000. Laki mbili zimekuwa 130,000.

Jinja alikuwa anakwenda kazini kwa miguu, anakula mchana nyumbani, na muzigo wake, chumba cha kupanga, ni 120,000 kwa mwezi. Kampala muzigo ni 200,000, yaani 80,000 zaidi. Taksi ni 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, kwa siku 26 ni 104,000. Chakula cha mchana cha 3,000 ni 78,000. Jumla 262,000. Amepandishwa mshahara akapungukiwa na 132,000 kila mwezi. Hata ukimrudishia ile 30,000 inayozidi kuingia NSSF, kwa sababu mwajiri anaongeza asilimia 10 juu ya 5 zake, bado yuko chini kwa zaidi ya laki.

Weka kichwani kwamba juu ya 410,000 kila shilingi 100 ya nyongeza inakufikia 65. Kwa hiyo ili huyu asirudi nyuma, anapaswa kuomba kama 1,003,000, na ili apate faida aombe zaidi ya hapo. Au akubali hasara akijua anainunua kwa kitu, kama vile ujuzi, jina la kampuni au shule ya jioni. Hilo ni sawa kabisa mradi amelipigia hesabu.

Kuna pengo jingine. Ukiacha kazi tarehe 15 na kuanza mpya tarehe 1, mshahara wa kwanza ni mwisho wa mwezi huo: siku 45 bila senti, wakati mwenye nyumba mpya anataka kodi ya miezi mitatu mkononi. Kwa muzigo wa 200,000 hiyo ni 600,000 kabla hujanunua godoro. Ukiwa na mkopo wa mshahara benki au kwenye SACCO, soma kwanza kinachotokea ukibadili mwajiri. Mikopo mingine hudaiwa yote papo hapo.

Kuondoka vizuri

Sheria ya Ajira ya 2006 imeweka notisi kwa muda uliofanya kazi. Ukizidisha miezi 6 lakini hujafika mwaka, ni wiki 2. Mwaka 1 hadi 5, mwezi 1. Miaka 5 hadi 10, miezi 2. Miaka 10 na zaidi, miezi 3. Ukiwa kwenye majaribio ni siku 14. Mkataba wako unaweza kutaja muda mrefu zaidi, kwa hiyo usome kabla ya kuandika barua.

Barua iwe fupi, nakala mbili, ya pili ipigwe muhuri wa mapokezi na ubaki nayo:

"Najulisha kwamba naacha kazi ya kutunza stoo. Siku yangu ya mwisho ni tarehe 31 Mei, nikiwa nimetoa notisi ya mwezi mmoja kuanzia leo, 30 Aprili. Naomba nilipwe siku 9 za likizo ambazo sijazichukua, na nipewe cheti cha utumishi siku ya mwisho. Nitakabidhi stoo kwa orodha kwa yeyote mtakayemteua."

Sababu usiiandike. Siku za likizo unazihesabu hivi: siku 7 kwa kila miezi 4, yaani 21 kwa mwaka, toa ulizochukua.

Cheti cha utumishi ni haki yako ukikiomba. Usipokiomba, mwajiri halazimiki kukupa, na wengi hapa ndipo wanapopoteza. Kinataja mwajiri na anwani yake, jina lako, kazi na mahali, tarehe ya kuanza na kumaliza, wadhifa, na mshahara wa mwisho. Sababu ya kuondoka na tathmini ya kazi yako havitiwi mpaka uombe mwenyewe. Kwa hiyo kama mliachana vibaya, hayo mawili usiyaombe. Chukua nakala nne za cheti na picha ya simu, na picha uitume kwenye barua pepe yako, kwa sababu simu huibwa.

Kukabidhi fanya kwa kuhesabu, mkiwa wawili, na sahihi mbili kila ukurasa. Mtunza stoo anayeondoka kwa kuaga tu huitwa baada ya wiki tatu kuulizwa mifuko 12 ya saruji.

Malipo yako yote yanapaswa kuwa yamelipwa ndani ya siku 7 tangu kazi ilipoisha. Yakikwama, andika barua ya kukumbusha, kisha nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya. Ukiona umeachishwa kwa uonevu, lalamiko lipelekwe kwake ndani ya miezi 3. Mtu anayesubiri "wamalize hasira" mwezi wa nne humkuta afisa hana la kumsaidia.

Wiki za kwanza huko uendako

Wape namba yako ya NSSF na TIN, namba ya mlipakodi, siku ya kwanza, kwa maandishi, ili wasikusajili upya. Kama umehama kati ya Julai na Oktoba, miezi ambayo LST, ushuru wa serikali za mitaa, hukatwa, peleka risiti ya kule ulikotoka, la sivyo utakatwa mara mbili. Mkataba au maelezo ya kazi ya maandishi unastahili kuyapata ndani ya wiki 12.

Fungua mstari mpya kwenye daftari, ujaze safu tano, ya sita uiache wazi. Mchango wa NSSF wa mwezi mmoja unapaswa kuwa umepelekwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Tarehe 16 fungua taarifa yako. Ukikuta umekatwa kwenye mshahara lakini hakuna kilichoingia, muulize mhasibu siku hiyohiyo, ukiwa na karatasi ya mshahara mkononi.